Tuipe Viza Sifa Zake

Wanaoilaani viza wengi wao ni walionyimwa, na ushahidi wa aliyenyimwa una kasoro: umejaa uchungu. Waliopata nao hawasaidii, maana wakishapata hupanda ndege wakasahau. Ndiyo maana viza imekaa miaka yote hii bila wakili. Nami ninayeishi Kibondo, mji usio na balozi yeyote ila wa nyumba kumi, nimeona nijitolee kuitetea.

Nianze na nasaba, kama ilivyo desturi ya kusifu. Mkataba wa Schengen ulitiwa saini tarehe 14 Juni 1985, ndani ya meli katika mto Moselle, kando ya kijiji cha Schengen nchini Luxembourg. Nchi tano, yaani Ubelgiji, Ufaransa, Luxembourg, Uholanzi na Ujerumani Magharibi, zilikubaliana kuondoa ukaguzi katika mipaka iliyozitenganisha. Ni jambo la heri. Ila ukaguzi huo haukutupwa. Ulikusanywa kwa uangalifu ukasogezwa nje, na fungu letu likatufikia Dar es Salaam. Ada yake nayo imekua vizuri: ilikuwa euro 60, ikawa 80 Februari 2020, na tangu Juni 2024 ni 90. Bei ya maharage yetu hupanda na kushuka kwa msimu, lakini ada ya viza ina msimamo, kushuka haikujui. Na ukinyimwa hairudishwi, kwa kuwa hukulipia viza; ulilipia heshima ya kukataliwa na mtu aliyesoma.

Fadhila ya kwanza ya viza ni kututaka tujijue. Mchukue mwalimu wa sekondari wa hapa Kibondo, aliyealikwa harusi ya dada yake Ubelgiji. Serikali inamjua kwa cheki namba, duka linamjua kwa deni, basi. Viza ndiyo ya kwanza kumuuliza habari zake kwa undani. Inataka cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya mwajiri inayotaja likizo yake, barua ya mwaliko, tiketi ya kwenda na kurudi, mahali atakapolala, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Mwalimu anasoma kiasi hicho mara mbili. Hajawahi kujua kwamba akiugua mafua Ubelgiji atakuwa mgonjwa wa gharama kiasi hicho.

Halafu taarifa ya benki. Ya mwalimu husomeka upesi: mshahara umeingia, kesho yake umetoka kwa mafungu matatu, la mkopo, la ada ya mtoto, na la kaka aliyepiga simu usiku. Viza haipendi pesa ya kupita, inapenda pesa ya kukaa. Basi ndugu wanaitwa, kila mmoja anaweka alichonacho, akaunti inanenepa wiki moja, inapigwa mhuri, kisha inakonda. Hakuna msiba wala harusi iliyowahi kuchangisha ukoo kwa kasi hiyo. Afisa naye si mtoto. Akiona fedha zote zimeingia siku moja anajua ni za maonyesho, lakini huo umoja wa familia tayari umeonekana.

Na viza ni rafiki wa upimaji ardhi. Mwalimu ana shamba la mihogo alilorithi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inamruhusu kupata hati ya hakimiliki ya kimila, ila hajawahi kuifuatilia, maana mpaka wake unajulikana: miti aliyopanda babu, na mzee jirani aliyekuwepo ilipopandwa. Viza haiwezi kumwita mzee huyo dirishani. Kwa hiyo mwalimu anakimbia ofisi ya kijiji, na jambo ambalo semina nyingi zilishindwa, harusi ya Ubelgiji imeliweza.

Ningemwonea mwenzake nikiruka pasipoti. Pasipoti ya kielektroniki tuliyonayo tangu Januari 2018 inagharimu shilingi 150,000, na kwa mtu wa Kigoma huja pamoja na somo la historia. Kiha na Kirundi husikilizana bila mkalimani, hivyo mwombaji huulizwa baba alizaliwa wapi, babu alizikwa wapi, na bibi alitoka ng'ambo ipi ya mto. Wenyeji wa mkoa huu wameulalamikia mtindo huo kwa miaka. Mimi nausifu. Mtu akishathibitisha kwamba ametoka Tanzania, anakwenda dirisha la pili kuthibitisha kwamba hataki kutoka.

Safari yenyewe ni utalii wa ndani. Viza haiji Kibondo, nasi hatutarajii ije. Mwalimu anapanda basi la Dar es Salaam kupitia Kakonko, Nyakanazi, Kahama, Singida na Dodoma, zaidi ya kilomita elfu moja, ili akatoe alama za vidole. Picha amekwisha kupiga: milimita 35 kwa 45, nyuma shuka jeupe lililoshikwa na vijana wawili wa studio, mdomo umefungwa. Mpiga picha amemwambia asicheke, naye wala hakuwa na sababu.

Vidole ndivyo vinavyoleta kazi. Anaviweka kwenye kioo, vinne vya kulia. Taa inawaka nyekundu. Dada wa dirishani anampa karatasi yenye unyevu, “Futa, mwalimu, bonyeza tena.” Anafuta, anabonyeza, nyekundu. Kila likizo ya shule mikono hii inashika jembe, na mwaka jana ilichanganya saruji ya chumba cha nyuma; mistari imelika. Mashine inashuhudia mbele ya wote kwamba mtu huyu ana shamba na ana nyumba anayoijenga. Ushahidi huo lakini hauna mhuri, kwa hiyo haumo kwenye orodha ya viambatanisho.

Jibu likija, linakuja kwa adabu. Ni fomu yenye sababu zilizochapwa tayari, na alama kwenye kisanduku kimoja: kuna mashaka ya msingi kuhusu nia yako ya kuondoka kabla ya viza kwisha. Marekani walilitamka wazi zaidi katika sheria yao ya uhamiaji ya 1952, kwamba mwombaji wa viza ya matembezi huhesabiwa kuwa anataka kuhamia mpaka athibitishe vinginevyo. Sifa gani kubwa kuliko hii? Kumbe hawatushuku kwa wizi wala kwa uvivu. Wanatushuku kwamba tutawapenda mno.

Wapo watakaosema kwetu mgeni hapokewi hivyo. Ni kweli, na ndipo tulipopungukiwa. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wao wanampa mgeni siku 90 katika kila 180, na jembe wamempiga marufuku. Mtalii wa Ulaya anayekuja Kigoma kuwaona sokwe wa Gombe hulipa dola 50 kwa viza yetu, Mmarekani 100, mtandaoni au uwanjani akishatua. Hatumuulizi kama ana mke, ng'ombe wala kiwanja. Hata mwaka 1916, majeshi ya Ubelgiji yalipovuka kutoka Kongo na kuitwaa Kigoma, hakuna aliyewadai barua ya mwaliko, na walikaa hadi 1921. Sijui hesabu ya 90 katika 180 ingewaangukia vipi.

Hadi hapa mtu angedhani viza ni jambo la ng'ambo. La, hapa kwetu ina mdogo wake, anaitwa kibali. Kambi ya Nduta, iliyomo wilayani mwetu, ilifunguliwa upya Oktoba 2015, Warundi walipokimbia machafuko ya mwaka ule. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, na kwa miaka mwendo wake umehesabiwa kilomita nne. Zaidi ya hapo aombe kibali. Naye anaulizwa: jina, unakwenda wapi, kufanya nini, utarudi lini. Maswali ni yaleyale ya mwalimu, isipokuwa bima.

Hapa sifa zangu zinaanza kunikwama kooni. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007. Mrundi anayekuja kutembea anavuka mpaka wa Mabamba kwa hati yake ya safari, bila ada ya viza, na anaweza kupewa hadi miezi sita ya kukaa nchini. Jirani yake wa kijiji kimoja, aliyevuka usiku akiwa na mtoto mgongoni, ndiye wa kuombewa kibali ili afike soko la Kibondo. Anayetembea kwa raha tumempa nchi nzima. Aliyekimbia tumempimia kilomita.

Na maneno yanapindana. Mwalimu akiwa dirishani anabanwa: tuhakikishie kwamba utarudi kwenu. Mkimbizi wa Nduta, tangu misafara ya kurejea Burundi ilipoanza Septemba 2017, amesikia swali la upande wa pili: mbona hurudi kwenu? Mmoja haaminiki kwamba anataka kurudi, mwingine haaminiki kwamba hawezi. Wote wawili wanasimama mbele ya afisa ambaye anajua zaidi yao kwao ni wapi.

Sasa niitaje fadhila ambayo si ya dhihaka. Kanuni za viza za Ulaya za 2009 zinamlazimu afisa anayekataa aandike sababu, na zinampa aliyekataliwa haki ya kukata rufaa. Sababu inaweza kuwa ya kuudhi, rufaa inaweza kuwa ghali, lakini karatasi ipo, na mtu akiwa na karatasi ana pa kuanzia.

Tunaolalamikia dirisha la watu tuna dirisha letu pia, na Mtanzania ndiye aliyekaa ndani. Wakubwa wa Wizara ya Mambo ya Ndani, popote mkimbizi anapoomba kibali cha kwenda sokoni, hospitalini au kumzika ndugu, anayemnyima na amwandikie sababu kwa lugha anayoisoma, amwonyeshe na pa kukata rufaa. Haitagharimu hata euro moja.