Siku 4 Kondoa: Mwongozo kwa Mgeni Mwenye Haraka

Kama una saa 2 tu, usije Kolo kutazama michoro ya miambani. Baki Dodoma mjini, nunua zabibu, pumzika. Saa 2 zinatosha kushuka garini, kupanda kilima ukihema, kupiga picha za vijitu vyekundu vilivyofifia, kisha kushuka ukilalamika kwamba uliambiwa ni urithi wa dunia na ulichokiona hakizidi kiganja. Nimepishana njiani na wageni wa namna hiyo, wao wakishuka mimi nikipanda, na kila mara moyo umeniuma. Michoro ile haimfungukii mpita njia. Njoo na siku 4, viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako, na masikio.

Panda basi Dodoma asubuhi na mapema, na umuulize kondakta waziwazi kama gari linaendelea mpaka Babati au linaishia Kondoa mjini. Kolo iko mbele ya Kondoa, yapata kilomita 180 kutoka Dodoma, kandokando ya barabara kuu iendayo Arusha. Zamani safari hii ilikuwa ya vumbi na kulala njiani. Lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018, na ndiyo iliyotuletea mgeni wa saa 2: anatoka Dodoma baada ya chai, anataka kulala Arusha, na Kolo kwake ni mahali pa kunyoosha miguu. Wewe kaa dirishani, utazame mibuyu, mashamba ya mtama na alizeti, na vilima vinavyoanza kujikusanya kadiri unavyokwenda kaskazini. Ukiwa bado Ugogoni, salimia "Mbukwenyi" uone nyuso zinavyofunguka. Ukifika Kondoa, kwa Warangi, ambako Waislamu ni wengi, "Asalaam aleikum" itakufikisha mbali, na kwa mzee yeyote "shikamoo" haina mbadala. Kijana anayemwambia mzee "mambo" mbele ya kilinge cha matambiko asishangae akiambiwa leo hakupandiki.

Usiku wa kwanza lala Kondoa mjini. Najua hakuna mchoro hata mmoja pale gesti. Lala hivyohivyo. Kesho yake asubuhi nunua sukari kilo 2, uiweke ndani ya mkoba, usiulize ya nini. Kisha kaa sokoni, agiza chai na chapati, ukae kimya usikilize. Utasikia Kirangi, ambacho ni Kibantu, na kama unatoka Morogoro au Iringa utaambulia neno hapa na pale. Ukibahatika utasikia Kialagwa au Kiburunge, ndugu wa lugha za Kikushi zilizoenea mpaka Ethiopia na Somalia. Mchungaji Mbarbaig akipita na fimbo yake, anazungumza lugha ya Kiniloti. Akija Msandawe kutoka pande za Kwa Mtoro au Farkwa, utasikia ulimi ukigonga kaakaa katikati ya maneno, sauti ambazo sisi wengine tunazitumia kuhimiza punda tu, kwake zikiwa ni konsonanti kamili. Familia 4 kubwa za lugha za Afrika zinakutana kwenye soko moja, mbele ya nyanya na dagaa. Ni maeneo machache mno barani yanayoweza kusema hivyo. Anza hapo, kwa sababu ukifika mwambani utauliza ni nani aliyechora, na hutaelewa jibu kama hukuwahi kuwasikia wajukuu wakizungumza.

Siku ya pili, nenda Kolo. Jiandikishe kwenye ofisi ya michoro, lipa ada, upewe mwongozaji. Usijitie ujuzi wa kupanda na ramani ya simu. Eneo lililoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006 lina kilomita za mraba 2,336, na miamba yenye michoro inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Makadirio hayo mapana yanakueleza kitu: hata wenye kazi yao hawajamaliza kuhesabu. Wewe na simu yako mtapotea mchana kweupe.

Kupanda kilima cha Mungomi wa Kolo ni kazi ya miguu, lakini si mateso. Ukifika chini ya mwamba wa kwanza, fanya jambo moja gumu kuliko kupanda: usitoe simu. Kaa chini robo saa. Macho yako yametoka kwenye jua kali, yanahitaji muda kama yanavyohitaji muda ukiingia chumba chenye giza. Mwanzoni utaona ukuta wenye madoa ya kutu. Kisha doa moja litaota shingo. Shingo itapata mgongo, mgongo utapata miguu 4 myembamba kama vijiti vya kiberiti, na ghafla unamtazama pofu, mnyama mzima, na mtu aliyemchora alijua jinsi nundu inavyokaa begani. Nilipomwona wangu wa kwanza nilisogea mpaka pumzi yangu ikagusa jiwe. Mstari wa tumbo ulikuwa umevutwa mara moja bila kukatika, mwembamba kuliko waya wa baiskeli. Rangi ni udongo mwekundu wenye chuma, uliosagwa na kuchanganywa na kitu cha kuushikisha, pengine mafuta ya mnyama. Pembeni yake walisimama watu warefu wembamba, vichwa vyao vimetunishwa kwa nywele au vilemba, wamejipanga kama wanaosubiri ngoma ianze.

Swali la kwanza la kila mgeni ni: "Ina miaka mingapi?" Lizuie kidogo. Rangi ya mwambani ni vigumu kuipimia umri, na mwongozaji wako amechoka kubanwa atoe tarakimu. Muulize kipi kimefunika kipi. Atakuonyesha kwamba michoro myeupe, minene, iliyopakwa kwa kidole, imekaa juu ya ile myekundu, na hiyo myeupe hunasibishwa na wakulima wa Kibantu waliokuja baadaye. Nyekundu ni ya wawindaji, watu ambao Wasandawe wa leo wanatajwa kuwa na undugu nao. Ukiutaka umri kwa nguvu, tazama chini badala ya ukutani. Katika pango la Kisese, katika vilima hivihivi, wachimbaji wa miaka ya 1950 walitoa shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na vipimo vya karibuni vimeonyesha kwamba baadhi ya maganda yale yana zaidi ya miaka 40,000. Mtu alikaa kivulini akatoboa ganda, akalisugua mpaka likawa duara, akalivaa. Hapo utapata kizunguzungu chako cha umri.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa milimani humu miezi kadhaa mwaka 1951 akinakili mchoro mmoja mmoja, na kitabu chake kilitoka mwaka 1983, miaka zaidi ya 30 baadaye. Umkumbuke unapohisi kwamba robo saa ni ndefu. Kuna mchoro mmoja hapa Kolo wa watu 5: wa katikati anavutwa huku na huku, wawili upande huu na wawili upande ule. Leakey aliona mwanamke anayetekwa, na wenzake wakimng'ang'ania. David Lewis-Williams, mtaalamu wa Afrika Kusini, ameona watu walioshikwa na ngoma ya kupandisha, wakimshikilia mwenzao aliyetekwa na mizimu. Mimi niko upande wa pili, kwa sababu Wasandawe wana ngoma yao ya simbo, ambamo mchezaji hupandisha na kuwa simba, na sioni kwa nini tuikimbie ngoma iliyo hai tukatafute hadithi ya utekaji. Lakini usikubali neno langu. Simama pale, utazame magoti yao.

Sasa jambo la maji. Kuna mara nilikuwa juu na kundi la wageni, na dereva wao alifungua chupa ya maji akaumwagia mwamba. Alikuwa na nia njema. Rangi kweli iliamka, nyekundu ikawaka, simu zote zikainuka. Mwongozaji wetu, mzee wa makamo, alivua kofia.

"Mwanangu," akasema, "huyo amekaa hapa muda wote huo, hajawahi kuomba maji."

Dereva alisema samahani mzee, akafunga chupa, na mpaka tunashuka hakusema neno tena. Maji yakikauka huacha chumvi juu ya mwamba, chumvi hufunika rangi na kuibandua, na kila picha nzuri ya siku moja inalipiwa na mchoro wenyewe. Kwa hiyo usimwagie, usiguse, usisugue kwa kidole kuona kama inatoka. Inatoka.

Utakuta majivu, au kipande cha kitambaa, au kibuyu kilichoachwa mwambani. Usisogeze, usipige picha, usiulize bei. Mungomi ni mahali pa matambiko mpaka leo. Wazee hupanda kuomba mvua, wengine huja kutafuta uponyaji, wanachinja mbuzi, wanaleta pombe ya nafaka, na tangu zamani hata sasa pombe nyingine hurushwa mwambani. Hapa wahifadhi wanashika vichwa, na nawaelewa, maana pombe ni kimiminika kama maji ya dereva. Sehemu hii ilitangazwa kumbukumbu ya taifa tangu mwaka 1937, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vizuri kitu kilichochongwa au kuchorwa, lakini haina mengi ya kusema kuhusu mtu anayekuja kuomba mbele yake. Mwanaakiolojia Mtanzania Emmanuel Bwasiri ameandika kwa undani juu ya mgongano huo. Msimamo wangu ni kwamba mzee mwenye kibuyu na mtalii mwenye chupa hawafanani hata kidogo. Mzee anaukuta mwamba ukiwa na kazi. Hofu ya kilinge chake imelinda vichaka na njia za mlima huu tangu kabla hatujawa na ofisi. UNESCO yenyewe ilipoliorodhesha eneo hili ilizitaja mila hizi zinazoendelea kuwa sehemu ya thamani yake. Kinachotakiwa ni kukaa na wazee hao kukubaliana pombe imwagwe wapi, na mazungumzo hayo yawe ya heshima. Mwongozaji akikuambia leo pango fulani halifikiki, shukuru, geuka.

Utaona pia mashimo. Baadhi si ya wataalamu. Watu wanachimba mali ya Mjerumani, wakiamini kwamba wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, pale majeshi ya Waingereza yalipokuja mpaka Kondoa na kupigana na kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, mwezi Mei 1916, sanduku za dhahabu zilifichwa chini ya miamba yenye alama. Wanaichukulia michoro kama ramani ya hazina, wanachimba chini yake, wanavuruga tabaka lenye shanga na majivu ya maelfu ya miaka. Mchimbaji wa aina hiyo akikufuata na siri ya kukuuzia, mwambie una safari.

Siku ya tatu nenda Pahi ukaione michoro myeupe, na Fenga ukamwone tembo aliyezungukwa na watu na mistari, ambaye wengi wanamsoma kuwa yumo mtegoni. Nimesema machache kuhusu siku hii kwa kuwa macho yako sasa yanajua kazi yao.

Siku ya nne, usitazame mwamba hata mmoja. Panda milima ya Irangi kuelekea Haubi, utazame makorongo. Ni mapana, mekundu, marefu kwenda chini kiasi cha kumeza nyumba, na wekundu wake ndio uleule uliouona mwambani. Ardhi hii ililiwa na mmomonyoko mpaka ikawa mfano mbaya unaotajwa nchi nzima. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden: makinga maji, miti, majani ya kushika udongo. Haikutosha. Mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote itoke, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Vilima vikanyamaza. Miaka michache baadaye nyasi zilianza kufunika makorongo, na wanyama waliporuhusiwa kurudi mwishoni mwa miaka ya 1980 walirudi kwa masharti, wafungwe zizini na kukatiwa majani. Urithi wa mlima huu ni pamoja na hilo, na haliko kwenye bango lolote la watalii.

Mwombe mwongozaji akupeleke kwa bibi aliyekuwapo wakati huo. Mimi nilipelekwa kwa mmoja, mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa bandani. Nilimwamkia, akaniitikia "marahaba mjukuu wangu", akanionyesha kigoda. Nilimuuliza kuhusu mwaka 1979, akaniambia baba yake aliwaswaga ng'ombe wao mpaka tambarare ya chini, kwa jamaa, na wengi hawakurudi. Kisha akaanza kuwataja kwa majina, mmoja kwa rangi yake, mmoja kwa pembe zake, mmoja kwa tabia ya kumkanyaga anayemkamua. Alifika wa 6 akanyamaza. Baadaye akaniuliza kama wale wanyama wekundu wa Kolo nao wana majina. Mwongozaji akajibu kwamba hawana.

"Wanayo," akasema bibi. "Hamkuwauliza waliowachunga."

Atakupa maziwa kwenye kikombe cha bati. Kunywa yote. Usimtolee noti mbele ya wajukuu wake, utamfedhehesha. Fungua mkoba, toa ile sukari.