Mheshimiwa, Tuwekee Miadi ya Maji Mafu

Kwa Mheshimiwa Afisa wa Kupima na Kusajili Watu Wenye Ulemavu,
Ofisini, ghorofani.

Sisi huku Kibuyuni hatujambo, hofu ni kwako wewe ambaye kila tukija tunaambiwa uko semina.

Kwanza pokea pongezi. Sensa ya 2009 ilikuta Wakenya wenye ulemavu ni asilimia 3.5. Ile ya 2019 ikakuta wamebaki asilimia 2.2. Shirika la Afya Duniani linasema dunia nzima ni kama asilimia 16; maskini, huko hawajaipata dawa yetu. Mmeponya mamia ya maelfu ya watu bila sindano wala kidonge, kwa kubadilisha maswali tu, na safari ya pili mkawaruka watoto wote wa chini ya miaka mitano. Huo ndio umri ambao mama huanza kuona mwanawe hakai, haiti jina la mtu, hageuki akiitwa. Basi mtoto wa aina hiyo hapa kwetu ana bahati: serikali imemhesabu mzima kabla mamaake hajajua kinachomsumbua.

Nije kwa jirani yangu. Ana mvulana mwenye usonji. Alimpeleka kupimwa: bodaboda hadi barabara kuu, matatu, foleni. Aliyempokea akamtazama mtoto miguuni, akamtazama machoni, akasema, “Mbona huyu anatembea vizuri?”

Anatembea, mheshimiwa. Ndiyo shida yenyewe. Ukimpa kisogo anatembea mpaka baharini, na maji yakianza kujaa yeye hana habari. Angekuwa hatembei tungelala usingizi. Lakini fomu inapenda ulemavu unaoonekana kutoka upande wa pili wa meza, na wa huyu huuoni mpaka ukae naye kuanzia alfajiri hadi magharibi. Akaambiwa arudi Jumanne na picha mbili za pasipoti. Jumanne hiyo ilikuwa bamvua.

Hapo nikufafanulie, maana ghorofani maji hayafiki. Sisi ni wakulima wa mwani. Shamba letu linaonekana bahari ikitoka sana, siku za bamvua, na saa ni chache: kufunga mbegu kwenye kamba, kuondoa uchafu, kuvuna, kubeba hadi kwenye chanja. Ukikosa bamvua hiyo, unangoja nyingine, na mwani haukungoji. Kwa hiyo ukimwita mama Jumanne ya bamvua unamwambia achague: cheti cha mtoto au chakula cha mtoto.

Najua utasema ipo pesa ya Inua Jamii kwa wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ipo, kwa anayebahatika kuingizwa. Sharti ni mtoto awe wa kuangaliwa na mlezi saa 24, na nyumba iwe maskini. Nilipiga hesabu mchangani kwa kijiti: haifiki shilingi 3 kwa saa. Mlinzi wa hoteli Diani angecheka mpaka akae chini. Tena huyo mama anayetakiwa asibanduke kwa mtoto saa 24, nani atamfungia mbegu? Au maskini wa kwenye fomu yenu hafanyi kazi, anakaa tu akiwa maskini?

Jibu tunalo, ila hamjatuuliza. Bamvua ikifika, mmoja wetu hashuki majini. Anabaki kivulini na mkeka, na watoto wote wa kuangaliwa wanakuwa wake siku hiyo: huyu wa usonji, yule mwenye mtindio wa ubongo ambaye lazima abebwe, na wengine ambao hatujui hali yao inaitwaje kwa sababu hawajapimwa. Wanaoshuka wanamfungia kamba zake. Hatuna katiba wala akaunti, wala mgeni wa heshima. Tarehe 3 Desemba, siku ya wenye ulemavu duniani, mahema hupigwa mjini na fulana hugawiwa. Sisi huangalia bahari inasemaje.

Nisikuonee peke yako. Kijijini nako tuna wapimaji wetu. Yuko anayesema mtoto kapandwa na shetani, yuko anayemlaumu mama, na baba mmoja au wawili wameondoka kwa sababu hiyohiyo. Mganga anataka kuku. Lakini mganga, lazima niseme haki, humwona mtoto siku ileile, na sijasikia akiwa semina.

Sheria mpya ya watu wenye ulemavu mnayo tangu Mei 2025. Tunaambiwa ni nzuri, nasi hatubishi. Hata ile ya 2003 ilikuwa nzuri. Imestaafu kabla haijapangiwa kituo Kibuyuni. Na kuna ule msamaha wa kodi kwa mwenye ulemavu, kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi. Tunaushukuru sana. Akipatikana huku mtu wa mshahara huo, tutakuletea jina lake mbio.

Ombi letu ni dogo. Mzee yeyote wa Shimoni atakusomea bahari kwa kuutazama mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, usituite. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, tuite. Tutakuja sote, na watoto, na hizo picha.

Au njoo wewe. Njoo bamvua, vua viatu, uketi kwenye mkeka na huyo mvulana anayetembea vizuri, saa moja tu, maji yakiwa yanajaa. Shilingi zako 3 utalipwa. Ila itabidi urudi Jumanne.

Wako mtiifu,
Mkulima wa mwani, Kibuyuni, Kwale