Sifa za Kuhesabu Stoo

Washairi wetu wamesifu mnazi, wamesifu jahazi, na tambuu pia haikukosa wa kuitetea. Hesabu ya stoo haijapata msifu, na kwa kuwa imenila Desemba tisa mfululizo, naona deni hili ni langu kulilipa. Nipisheni niseme, nanyi mnaohesabu mwaka huu mniitikie.

Mimi ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Garsen, panapogawanyika njia itokayo Malindi, moja ikashika Lamu na nyingine ikapanda Hola na Garissa. Tajiri wetu anakaa mbali, na mapenzi yake kwetu huja kwa barua mara moja kwa mwaka, wiki ya mwisho ya Novemba: "Jiandaeni kwa hesabu." Mna mwezi mzima wa jasho ndani ya hilo "jiandaeni". Rafu zipangwe, mali ya aina moja ilale pamoja. Kilichovunjika kitengwe. Misumari ipimwe kwa mzani, maana hakuna binadamu aliyehesabu misumari ya inchi tatu akabaki na akili zake. Kila fungu lipate kikaratasi chenye namba. Wahesabuji wawe wawili wawili, mmoja ataje, mmoja aandike, na karatasi zao zisioneshe idadi iliyo daftarini, wasije wakahesabu kwa macho ya daftari. Kisha jozi nyingine ipite nyuma yao, ihesabu upya. Siku yenyewe mlango ufungwe: hakiingii kitu, hakitoki kitu, hata mteja aje analilia msumari mmoja wa jeneza.

Mtawa wa Kiitaliano Luca Pacioli, katika kitabu alichochapisha Venice mwaka 1494, alimtaka mfanyabiashara aanze kwa kuorodhesha kila anachomiliki, tena orodha hiyo aimalize kwa siku moja. Venice nako ni mji wa maji, kwa hivyo sisemi mtawa hakujua taabu. Naamini tu kwamba hakuwahi kuihesabu simiti yetu.

Ni mifuko kumi na saba. Mvua za 2018 ziliilowesha, ikaganda, ikawa mawe yenye nembo ya kiwanda. Kila Desemba naiandika "imeharibika", na kila Januari karatasi inarudi imesahihishwa: simiti, mifuko kumi na saba, bei kamili. Tumeikalia, tumenywea chai juu yake, mbuzi wa jirani amezalia hapo. Kwenye daftari bado inasubiri kujenga nyumba.

Fadhila ndogondogo za hesabu nitazitaja mbio. Husafisha: buibui wa stoo yetu wanaijua Krismasi kuliko makarani. Hupatanisha: spana iliyowagombanisha mafundi wawili tangu Ramadhani hupatikana chini ya mabati. Hupunguza tumbo. Yatosha.

Fadhila kuu iko kwingine. Kabla ya kazi hii niliujua Mto Tana kama mto tu, maji yanayotoka Aberdare na Mlima Kenya, yakapitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakatuzungukia sisi, yakamwagika baharini Kipini. Hesabu ya stoo ndiyo iliyonifumbua macho. Mto Tana ni mteja. Ndiye mteja mkubwa kuliko wote, na hajawahi kulipa.

Karatasi yetu ya mwisho huwa na safu ya idadi ya daftari, safu ya idadi iliyohesabiwa, na safu ya sababu ya tofauti. Safu hiyo ya sababu ni shamba la Mto Tana. Humo huandikwa neno moja tu, "mafuriko", na kwa kulisoma miaka yote hii nimezijua tabia za mto huu kuliko mvuvi yeyote wa Ozi au Kipini. Unapenda rangi nyeupe, ndoo za lita ishirini. Za lita nne huziacha, nadhani kwa kuwahurumia maskini. Huchukua kufuli pamoja na funguo zake. Huchukua magurudumu ya wilbaro na kuacha mabeseni yake, bila shaka huko chini una mabeseni ya kutosha. Mwaka mmoja ulibeba mabati thelathini ya geji 30 kutoka rafu ya juu kabisa, na mifuko ya simiti iliyokuwa sakafuni haikupata hata unyevu. Maji mengine huanzia chini. Haya yalipanda ngazi. Tena ni maji yenye adabu, yakishachukua hurudisha komeo mahali pake. Laiti wahandisi wangezisoma karatasi zetu, wangeacha kuuwekea mto huu mabwawa, wakauajiri bandarini kazi ya upakiaji.

Cha ajabu zaidi, mafuriko haya hayahitaji mvua. Mwaka 2021 hatukuona mvua ya kutajika. Mizoga ya ng'ombe ililala kando ya barabara, na Septemba serikali ikatangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Desemba hiyohiyo, mbele ya mifuko arobaini na mmoja ya simiti iliyopungua, safu ya sababu ilisomeka: "mafuriko".

Hapa niweke sifa kando kidogo. Mifuko ile haikusombwa. Ilipakiwa kwenye lori usiku wa Alhamisi, kwa kipande cha karatasi kisicho na sahihi, na aliyekileta alikuwa na simu sikioni, akiongea na mtu aliyemwita mkubwa. Niliandika: "Imetoka bila risiti." Karatasi ikarudi na neno letu lilelile. Kisha nusu ya mafuriko hayo ikakatwa kwenye mshahara wangu, miezi mitano, kwa hoja kwamba mtunza stoo ndiye aliyekabidhiwa mali. Aliyekabidhiwa ufunguo wa pili hakukatwa hata shilingi. Niwieni radhi, narudi kwenye sifa.

Siku moja tukiwa tumefunga kwa hesabu, mzee wa Kiorma alikuja kununua kamba. Nilimwomba asubiri. Akakaa juu ya simiti yetu ya milele, akatutazama tukirudia kuhesabu majembe.

"Mwanangu, mmepotelewa?"

"Ndiyo, mzee. Majembe mawili."

"Yapi?"

Nikamwambia tena kwamba ni mawili.

"Nimesikia ni mawili. Nauliza ni yapi, na nani aliyashika mwisho."

Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba ng'ombe wake yeye hawahesabu, kuwahesabu ni kuwatia kijicho. Jioni husimama penye mlango wa boma, wanapita mbele yake, naye humjua asiyepita: yule mwenye pembe iliyopinda, binti wa yule mweupe, aliyekuwa na mchungaji fulani upande fulani. Idadi hana, lakini anamjua aliyepotea na pa kuanzia kumtafuta. Mimi idadi ninayo, hadi ya kokwa za nati.

Nilimkumbuka mzee huyo mwishoni mwa 2023. Safari hii mafuriko yalikuwa ya maji kwelikweli. Barabara ya Lamu ilizama upande wa Gamba, abiria wakavushwa kwa mashua, na watu wa vijijini wakahamia penye mwinuko. Wakaja wahesabuji. Kuhesabiwa si jambo geni kwetu, sensa ya Agosti 2019 ilitukuta watu 315,943 katika kaunti nzima ya Tana River. Hawa walikuja na vizibao vinavyong'aa na tabuleti mkononi, wakahesabu kaya, wakapiga picha, wakaenda. Wiki iliyofuata wakaja wengine, wa ofisi nyingine, wakaanza upya. Shangazi yangu alihesabiwa kaya ya watu sita, mara ya pili wanne. Mara ya tatu aliambiwa hayumo, na aliyemwambia alikuwa ameshika kikombe cha maji alichochotewa na shangazi. Blanketi zilipofika, yetu ilikwenda kwa mtu aliyekuwemo kwenye orodha. Mtu huyo kambini hakuna aliyemjua.

Nililitazama jambo lile kwa jicho la kazi yangu. Karatasi hazikuwa na namba. Aliyetaja ndiye aliyeandika. Hakukuwa na jozi ya pili ya kuhakiki ya kwanza, ila ofisi ya pili isiyojua kama ya kwanza ilipita. Hayo ningeyasamehe, watu walikuwa wamechoka na maji yalikuwa magotini. Lakini muda wote ule tuliohesabiwa ni sisi. Stoo haikuhesabiwa. Ni blanketi ngapi zilizotoka ghalani, ngapi zikapakiwa, ngapi zikashushwa, na sahihi ni ya nani? Nikamuuliza kijana mmoja mwenye tabuleti. Akatazama kioo chake, akanijibu kwa upole kabisa kwamba zilizopungua zilichukuliwa na mafuriko.

Blanketi za mafuriko. Nilicheka peke yangu njia nzima, na nilipofika nyumbani sikuweza kula.

Sasa nafunga sifa kwa ombi. Maji ya Tana hayatujii kwa kushtukiza kama mkaguzi. Vuli huanza Oktoba, masika huanza Machi, na mabwawa ya juu yakifurika hutangazwa redioni kabla maji hayajatufikia. Basi kila mwenye ofisi iliyokabidhiwa mashua, dawa na blanketi zetu na aihesabu stoo yake Septemba, tena Februari: mlango umefungwa, watu wawili wawili, jozi ya pili nyuma ya ya kwanza. Na pakipatikana upungufu, safu ya sababu iandikwe jina la mtu. Akikosa wahesabuji aniite, nitakuja bure. Nina uzoefu wa miaka tisa, na viti tunavyo, mifuko kumi na saba.