Pindo la Leso la Mama

Mama alifika miaka 71 hajaiona bahari. Alizaliwa Kitui, akaolewa Kitui, akalea watoto sita huko huko, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ya mto Athi ukiwa umefurika. Kwa hiyo Desemba ile, benki iliponiarifu kwamba kadi yangu ya mkopo iko tayari na kikomo chake ni shilingi 200,000, sikuwaza friji wala televisheni. Niliwaza Diani.

Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Baba Watoto, za kuzirudisha zitatoka wapi?"

Nikamwambia benki inatupa hadi siku hamsini bila riba. Nilisema kweli, lakini swali lake sikulijibu.

Tukapanda treni ya SGR pale Syokimau, watu sita. Tulipoingia Tsavo watoto walibandika nyuso kwenye kioo wakitafuta tembo. Likoni tulivuka kwa miguu, na Mama akashika nguzo ya feri kwa mikono miwili, macho majini, asitamke neno mpaka ng'ambo.

Hoteli ilikuwa 148,000 kwa siku nne. Dada wa mapokezi alipitisha kadi mara mbili. Mara ya pili, alinieleza, ni amana ya 30,000: inazuiliwa tu, itaachiliwa tukishaondoka. Nikaitikia kwa kichwa. Sikupiga hesabu kwamba pesa iliyozuiliwa haitumiki, na kwamba nimebaki na 22,000. Mashua ya kwenda kutazama matumbawe, pamoja na vitu vidogo vidogo vya watoto, vilimaliza 17,000.

Usiku wa tatu kitinda mimba wetu aliamka analia, ameshika sikio, mwili unachemka. Tukamkimbiza kliniki, mimi na Mama. Bili ilikuja 7,400. Mashine ikaikataa kadi. Tukajaribu tena, ikakataa tena. Kwenye simu nilikuwa na shilingi mia nne, na mke wangu alikuwa ameshamaliza zake kwa tiketi za kurudi.

Mama aligeukia ukutani, akavuta pindo la leso, akafungua fundo kwa meno. Noti zilikuwa zimekunjwa na kukunjwa tena hadi zikawa ngumu kama kipande cha sabuni. Akazinyoosha moja moja juu ya goti, akahesabu 7,400, akalifunga fundo upya. Zilikuwa pesa za mbuzi aliyemuuza Novemba ili aezeke jiko lake.

Januari ikafika na karo zake. Taarifa ya kadi ilionyesha deni la 165,000, na chini yake malipo ya chini: 16,500. Nikashika hilo neno "chini" kama ruhusa, nikalipa hizo tu. Riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi ikashuka juu ya 148,500 zilizobaki: zaidi ya shilingi 5,000. Karibu theluthi ya nilichotoa ilirudi kwenye deni. Hata unga na mafuta tuliyonunua kwa kadi yakaanza kulipiwa riba siku ile ile, maana zile siku hamsini ni za anayemaliza deni lote. Miezi mitatu nilizisoma taarifa hizo peke yangu, usiku, simu nimeigeuzia ukutani.

Aprili nilimweleza mke wangu. Hakupandisha sauti. Alichukua daftari la hesabu la kifungua mimba, akafungua ukurasa wa nyuma. Deni lilikuwa 141,000. Kwenye kadi, riba yake ya mwezi ilikuwa 4,935. Kwenye sacco yetu, kwa asilimia 1 ya salio linalopungua, mwezi wa kwanza ingekuwa 1,410. Tukakopa sacco, tukafuta deni la kadi. Lakini mstari wa kwanza kwenye daftari, juu ya deni lenyewe, mke wangu aliandika: Mama, 7,400.

Hizo tulizipeleka Kitui zikiwa mabati.

Tutasafiri tena, na huenda hoteli tukailipa kwa kadi ile ile. Ila safari hii pesa zinawekwa kwanza, mwezi kwa mwezi, na amana tutaiulizia kabla ya kufunga mizigo. Daftari linakaa mezani, anayetaka asome.

Sijuti kumpeleka Mama baharini. Ninachojutia ni kumjibu mke wangu nusu, kisha nikanyamaza miezi mitatu. Tulipomaliza kupigilia mabati, Mama alinionyesha rafu ya jiko. Palikuwa na chupa ya soda yenye maji ya Diani, aliyoyateka mwenyewe asubuhi ya kuondoka, na shingoni mwake chumvi imefanya ukingo mweupe.