Abiria Asiye na Mdomo: Mwongozo kwa Mgeni wa Kutuma Mizigo Nairobi

Umeuza viatu. Wewe uko Dubois Road, ghorofa ya tatu, kwenye kibanda kisichotosha watu wawili wanene kwa wakati mmoja. Mteja yuko Lavington. Ameshalipa kwa M-Pesa na ameandika, "Nitumie leo, tafadhali." Hongera. Kuuza ndiyo iliyokuwa kazi rahisi.

Tangu Uber waingie mji huu mwaka 2015, wakafuatwa na Little na Taxify, ambayo leo inaitwa Bolt, mgeni huamini kwamba simu yake imejaa magari yanayongoja kubeba chochote. Sivyo. Magari hayo yalipangwa kwa ajili ya mtu. Mtu anajua anakokwenda, hupiga kelele akipitishwa njia ndefu, na akifika hujishusha mwenyewe. Kifurushi hakifanyi hata moja kati ya hayo. Kila tabu utakayoiona leo chanzo chake ni hicho, kwa hiyo ukikwama usitafute mchawi.

Baadhi ya programu zina kitufe cha kutuma mizigo. Ukikiona, kibonyeze. Usipokibonyeza, ukaita gari la kawaida kama wafanyavyo wengi, simu italia kabla hujarudisha pumzi.

"Uko wapi?"

"Dubois."

"Unaenda wapi?"

"Lavington. Lakini si mimi ninayeenda, ni mzigo."

Kimya kidogo. "Mzigo gani?"

"Viatu tu, bosi."

"Sawa. Ghairi upande wako."

Mgeni hughairi, kwa adabu, na rekodi inaonyesha kwamba aliyebadili nia ni yeye. Mwenyeji hutulia akauliza shida ni nini. Mara nyingi shida ni ya haki kabisa. Dereva anaombwa abebe boksi ambalo hakulifunga, la mtu asiyemjua, apite nalo mbele ya polisi wa Waiyaki Way. Likikutwa na bangi, wewe uko ghorofani Dubois unapanga soli, na yeye ndiye anayeandikisha jina kituoni. Basi fungua boksi. Mwonyeshe viatu, kushoto na kulia, kisha lifunge mbele ya macho yake. Ni dakika moja tu, na inatuliza roho kuliko "niamini" elfu.

Ukiona gari ni ghali, hasa mvua ikinyesha, utaita bodaboda. Hapa kuna jambo la kisheria. Serikali ya kaunti imepiga marufuku bodaboda katikati ya jiji mara kadhaa. Amri iliyovuma zaidi ni ile ya mwaka 2018, enzi za Gavana Sonko. Marufuku hizo huja na kuondoka, lakini woga wa kanjo, askari wa kaunti, haujawahi kwenda likizo. Kwa hiyo mtu wa nduthi, yaani pikipiki, atakwambia, "Nitafute hapa upande wa Ngara." Utashuka ngazi, uvuke barabara na boksi kichwani, upenye kati ya mikokoteni na wauza soksi, na hapo utajifunza kwamba hatua ya kwanza ya kutuma mzigo ni kuubeba. Usimwambie apite Expressway ili awahi. Tangu barabara hiyo ifunguliwe kwa umma Mei 2022, pikipiki haziruhusiwi huko juu. Atapita chini na wenzake.

Sasa anwani. Usiandike "Lavington" ukadhani umesema kitu. Lavington ya madalali wa nyumba huanzia Valley Arcade, na bado hajapatikana aliyeona inapoishia. Sehemu kubwa ya Kawangware imo, ikitegemea kodi. Kangemi nayo huitwa Westlands siku ya kutangaza nyumba tupu. Muulize mteja barabara: ni Gitanga, ni James Gichuru, au ni Naivasha Road? Atakutumia pini ya ramani. Ikague. Mara nyingi ameituma akiwa kazini, kwa hiyo pini inaonyesha ofisi yake Upper Hill, na viatu vitapelekwa huko kwa uaminifu mkubwa. Atakwambia pia kwamba ni "geti jeusi". Mageti yote ni meusi. Mwombe duka lililo jirani, rangi ya ghorofa, au jina la shule.

Tuseme mzigo umefika. Ungekuwa mtu, safari ingeishia hapo. Kwa kuwa ni mzigo, ndipo safari inapoanza, kwa sababu kati ya nduthi na mteja amekaa soja, mlinzi wa geti.

Soja hana haraka. Ana daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi, na ana maagizo kutoka kwa mwangalizi wa ploti. Mtu wa nduthi anataja jina lililokuja na ujumbe wa M-Pesa, majina matatu kamili kama ya kwenye kitambulisho. Soja anatikisa kichwa: hapa hayupo. Hasemi uongo. Katika ploti ile mteja wako anajulikana kama Mama Brian wa B12, na soja hajawahi kuona kitambulisho chake. Mteja anapigiwa simu, hashiki. Yuko kwenye mkutano. Unapigiwa wewe. Unampigia yeye. Sasa watu watatu wanalipia simu kwa ajili ya viatu ambavyo vimetulia tu kwenye kiti cha nyuma. Kwa hiyo kabla mzigo haujaondoka, muulize mteja swali ambalo ni la muhimu kuliko pini: hapo kwenu wanakuitaje? Na umwombe amwachie mzee wa getini habari kwamba kuna mzigo unakuja.

Mtu wa nduthi, wakati huo, amezima injini. Hapa nitasema bila mzaha. Kanuni za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, za mwaka 2022 zinazuia kampuni za programu kukata zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Asilimia 82 hivi inayobaki ndiyo inayonunua mafuta, ndiyo inayotengeneza pancha, na ndiyo inayotakiwa pia kulipia robo saa ya getini na ngazi za ghorofa ya nne ambako lifti imeandikwa "mbovu". Nauli ilipigiwa hesabu ya abiria anayejishusha. Ukimtuma mtu afanye kazi ya kubisha hodi, kungoja na kupanda ngazi, hiyo ni kazi nyingine, nayo ina bei. Mwongeze. Akiomba mia, si mwizi.

Wezi wapo, lakini hao hawaombi mia. Yupo muuzaji wa mtandaoni asiye na viatu wala kibanda, anayekwambia utume kwanza "pesa ya rider". Ukishatuma, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani. Yupo pia mnunuzi anayesubiri mzigo ufike getini, kisha anaonyesha ujumbe wa M-Pesa alioutunga mwenyewe, una hata salio. Usimwachie mtu wa nduthi kazi ya kuhakiki. Wewe ndiye mwenye laini. Usiseme "mpe" mpaka salio lako limesogea. Na ikiwa ni wewe uliyekosea nambari ukamtumia nauli mtu asiyehusika, peleka ujumbe wa M-Pesa wa muamala huo kwa 456 upesi, kabla hajaila.

Kuna njia ya zamani ambayo haihitaji programu: matatu. Utauweka mzigo kwenye 46 inayopitia Yaya na Valley Arcade hadi Kawangware, au 48 ya kupitia Kileleshwa. Mpe makanga kitu kidogo, chukua nambari yake ya simu na nambari ya gari, mtumie mteja zote mbili. Mteja sharti awe steji kabla gari halijafika, kwa maana matatu hupunguza mwendo kwa abiria na hunong'ona tu kwa mzigo. Asipokuwepo, viatu vitafika Kawangware, vitageuza, na vitarudi mjini bila kushuka. Jam ikizidi Hurlingham, gari litatafuta njia za panya na steji ya Valley Arcade isiipate leo. Kama boksi ni kubwa utatozwa nauli ya kiti kizima, na hapo angalau kifurushi kimekuwa abiria halali. Risiti usiulize. Kwa sheria, kubeba vifurushi kwa malipo kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na makanga leseni aliyonayo ni ya kazi nyingine.

Usidhani hakuna aliyejaribu kuipanga biashara hii vizuri. Sendy, kampuni iliyozaliwa hapa hapa Nairobi kwa kazi ya kupeleka mizigo, ilifunga milango mwaka 2023. SafeBoda, kampuni ya bodaboda ya Uganda, ilikuja na helmeti zake za rangi ya chungwa, ikaondoka mwaka 2020. Makanga wa 46 bado yupo.

Mwisho, wageni huuliza kuhusu keki. Haitumwi kwa nduthi. Matuta ya Kawangware hayajali bethdei ya mtu. Haitumwi kwa matatu pia. Keki unaiitia gari, unaingia nayo, unaiweka mapajani na unalipa nauli ya mtu mmoja.