Namna ya Kuiandika Nyangwe Isifutwe

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye Wikipedia siku mbili hizo hazipo: unafungua ukurasa tu, jembe hilo mkononi. Neno "hariri" limekaa juu ya karibu kila makala, na wewe kijana wa Nyangwe uliyenunua mega zako leo asubuhi unaweza kulibonyeza sasa hivi bila kupiga hodi kwa mtu. Kwa hiyo nisikilize kwanza, maana mkono usiolijua shamba hung'oa mihogo pamoja na magugu.

Usianze na kujiandika mwenyewe. Wala usianze na yaya yako mwenye duka, wala mchungaji wenu, wala timu ya mpira iliyoundwa mwezi uliopita. Wikipedia ni kamusi elezo, nayo inamtaka mtu ambaye wengine wamekwisha kumwandika, tena wengine wasiomdai wala kumwogopa. Kama unastahili makala, atakuja mtu mwingine akuandike. Wewe anza na mto.

Andika kwamba Nyangwe iko kwenye ukingo wa kulia wa Lualaba, katika wilaya ya Kasongo, jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Weka nukta. Sasa moyo utakusukuma kuongeza kwamba ni mji mtukufu wenye watu wakarimu kupita wote. Mimi naamini ni kweli, na hata hivyo liache. Ukisema tukio, mahali na mwaka, msomaji wa Lamu au Muscat ataona mwenyewe kama mji ni mtukufu. Ukimwambia ni mtukufu, ataona tu kwamba wewe ni wa huko.

Kisha utafika 1871, na hapo nakuomba uketi chini, kwa sababu sheria zote za kamusi elezo zinakutana katika siku moja ya soko la Nyangwe. Tarehe 15 Julai mwaka huo watu wa msafara wa Dugumbe, mfanyabiashara wa Kiarabu, waliwafyatulia risasi watu waliojaa sokoni, wengi wao wanawake waliovuka na mitumbwi kuja kuuza bidhaa zao. Waliokimbilia majini walizama. Mmisionari na msafiri David Livingstone alikuwapo, akaandika. Katika maandishi yake utakuta idadi ya waliokufa, kati ya 330 na 400, na vidole vitakuwasha uandike "watu 400 waliuawa" uende zako.

Subiri. Livingstone hakuhesabu maiti. Aliandika makisio ya Waarabu wenyewe, yaani makisio ya upande ulioshika bunduki, naye akaona kwamba hesabu kamili haitajulikana kamwe. Basi sentensi yako iwe hivi: kwa mujibu wa Livingstone, Waarabu waliokuwapo walikadiria kwamba walikufa watu kati ya 330 na 400. Imekuwa ndefu. Iache iwe ndefu. Wale wanawake hawakuachiwa hata majina, angalau hesabu yao isiandikwe kwa haraka.

Halafu sema ni Livingstone yupi. Karatasi zilimwishia, akawa anaandika juu ya gazeti kuukuu la The Standard kwa wino wa mbegu za mmea wa huko, wino ambao baadaye ulififia. Kitabu kilichotoka London mwaka 1874, baada ya kifo chake, kilihaririwa na Horace Waller kutokana na nakala aliyoipanga Livingstone baadaye. Mwaka 2011 watafiti waliopiga picha kurasa zile kwa mianga maalumu waliyaweka maneno ya awali kwenye intaneti, na ikaonekana kwamba baadhi ya habari, hasa za mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe, zilibadilika aliponakili. Mtu mmoja, siku moja, maandishi mawili. Tanbihi yako ikisema "Livingstone" tu, hujasema kitu.

Baada yake walipita wasafiri Cameron mwaka 1874 na Stanley mwaka 1876, na mwaka 1893 mji uliangukia mikononi mwa jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis. Utaona kwamba karibu kila aliyetuandika alikuwa mpita njia. Lakini wasikwambie hakuna chanzo cha Kiswahili. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Hakuna sheria inayodai chanzo kiwe cha Kifaransa au Kiingereza. Mtumie, ila kumbuka ni mfanyabiashara wa pembe na watumwa anayejieleza mwenyewe; andika "anasimulia", usiandike "ilikuwa".

Sasa tuje kwa bibi yako. Anajua soko lilikaa wapi na kisima cha zamani kilichimbwa na nani. Ukiandika "nimeambiwa na bibi," itafutwa, kwa sababu kamusi elezo haipokei utafiti wa mwandishi wake. Sheria hiyo inaniuma, nami nasema wazi. Inazuia uongo mwingi kweli, lakini mlango huo huo unawafungia watu ambao maktaba yao ni kinywa. Si mimi wa kwanza kusema hivyo: mwaka 2011 Mhindi Achal Prabhala alitengeneza filamu, People are Knowledge, kuhusu suala hilo hilo, akitumia mifano ya India na Afrika Kusini.

Mpaka sheria ibadilike, mpitishe bibi kwa njia nyingine. Mrekodi. Mtafute mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu anayeandika tasnifu, umpeleke ukumbini kwa bibi, naye amsikilize na kumtaja. Tasnifu ikichapishwa, ndipo utaiweka kwenye tanbihi. Njia ipo: mwaka 2020 jarida la Antiquity lilichapisha makala kuhusu Waswahili na Waarabu wa Maniema iliyokutanisha uchimbaji wa akiolojia na kumbukumbu za wenyeji. Humo kuna Tongoni, Kasongo ya kale. Na hapa fanya kazi ndogo yenye thawabu kubwa, weka ukurasa wa kutofautisha maana, kwa sababu kuna Tongoni nyingine kule Tanga yenye magofu yake, na msomaji asizichanganye.

Lugha nayo. Nyumbani unasema Kingwana, Kiswahili cha kwetu Kongo, na ni lugha ya watu, usiionee haya. Makala yenyewe iandike kwa Kiswahili sanifu ili wa Tanga akuelewe, kisha andika makala nzuri kuhusu Kingwana. Usichukue makala ya Kifaransa ukaitia kwenye mashine ya kutafsiri na kuibandika ilivyo. Wala usinakili kitabu cha mtu. Soma, funga, andika kwa maneno yako.

Mtu atarudisha nyuma ulichoandika. Usimrudishie naye, mkafukuzana hadi usiku. Nenda ukurasa wa majadiliano, sema unachotaka na chanzo chake, tia alama nne za mawimbi ili jina lako na saa vionekane. Anza kwa kudhani ana nia njema. Mara nyingi anayo.

Makala yako ya kwanza itakuwa fupi, nao wataandika chini yake kwamba bado ni mbegu. Jirani wa Maniema hahitaji kuelezwa mbegu ni nini. Kesho rezo ikirudi, fungua historia ya makala. Utakuta kuna mtu usiyemjua, labda Arusha, labda Mombasa, ameamka saa tisa usiku kusahihisha namna ulivyoandika Lualaba. Mwachie aksanti kwenye ukurasa wake, kisha umwulize kama ana kitabu cha Brode.