Sifa za Nyaya Tatu

Wasifiaji hawajawahi kuadimika, na kila mmoja ana simu mpya ya kuisifia: kamera, kioo, akili mnemba. Nyaya tatu za siriali hazina mtu. Mmoja wa kutuma, wa pili wa kupokea, wa tatu wa ardhi, basi. Leo zina mimi.

Kwanza, siriali haina unafiki. USB ukiichomeka hujitaja jina na ukoo, kisha huomba umeme. Siriali haisalimii. Ukiunganisha kutuma kwa kutuma, haitoi onyo wala mlio. Inanyamaza tu, ikikuachia fursa adhimu ya kuishuku betri, programu, kompyuta na hatimaye akili yako. Kasi zikipishana, huku biti 115,200 kwa sekunde na kule 9,600, inanena kwa lugha.

Chukua Motorola C123, kisimu cha bei chee chenye chipu ya Calypso. Mwaka 2010 watu wa mradi wa OsmocomBB walianza kuandika programu huria ya GSM kwa ajili ya simu za aina hiyo, na mlango wa kuingilia ulikuwa siriali iliyo kwenye tundu la hedifoni la milimita 2.5. Unachomeka waya, unawasha kipakiaji kwenye kompyuta, kisha unabonyeza kitufe cha kuwashia simu, kidogo tu. Simu hupiga hodi kwenye waya. Kompyuta ikiwahi kuitikia, programu yako inaingia kwenye RAM. Ukiboronga, toa betri: yote yamesahaulika, Motorola imerudi ilivyokuwa. Simu gani ya milioni mbili inasamehe hivyo?

Na C, lugha ya kuandikia programu hizo, iliyozaliwa Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo ipewe kiti chake. Lugha nyingine hulea. C inakuamini kuliko mama yako anavyokuamini. Iambie iandike kwenye anwani 0xFFFF5800, iliko siriali ya Calypso, itaandika. Ukikosea tarakimu moja, itaandika huko pia, bila kuuliza nani anakaa. Anayesubiri rejista ibadilike akasahau neno volatile, kompaila kwa hekima yake inaweza kuona hakuna anayeigusa, ikaisoma mara moja, kisha ikazunguka hapo milele. Subira hiyo hata Ayubu hakuifikia.

Lakini utukufu wenyewe uko kwenye kuchapisha. Programu inakwama. Unaongeza mstari mmoja wa kutuma “nimefika hapa” kwenye siriali, na haikwami tena. Unaufuta, inakwama. Kwa kasi ya 115,200 kila herufi hubeba biti 10, ya kuanzia na ya kumalizia zikiwemo, kwa hiyo herufi zile 13 hula milisekunde moja na ushei, na pengine huo ndio muda ambao chipu ilikuwa inauomba siku zote. Bingwa angetafuta rejista ya kusubiria. Waungwana huuacha mstari palepale, na juu yake huandika: usiguse.